Baiskeli Haina Aibu

Tumeombwa tuseme kidogo juu ya kwenda ofisini kwa baiskeli. Sisi hapa Kisumu tumeendesha miaka kadhaa, na jameni, shida si miguu. Mji wa chini, kandokando ya ziwa, ni tambarare; kilomita 8 unamaliza kwa dakika 40 hivi bila haraka. Shida ni aibu.

Siku ya kwanza askari wa langoni alituambia baiskeli za vibarua zinaachwa nje. Na tai tumevaa! Tukaziacha, jioni tukakuta pampu moja haipo. Kesho yake mwenzetu, mama wa watoto 4, akakataa kurudia. Alisema heri akope nauli kuliko kuchekwa. Na kweli alikopa, mwezi baada ya mwezi. Hilo ndilo lilituuma. Tukaenda pamoja kwa mkubwa, tukaomba nafasi chini ya mabati, karibu na magari. Alitupa ya baiskeli 3.

Basi, toka mapema kabla jua halijawa kali. Shati la ofisi likunje mfukoni, ulivae ukifika. Maji kidogo na kitambaa vinatosha. Sketi ndefu ifungwe isinaswe na cheni. Breki na upepo angalia kila asubuhi. Mvua yetu hupenda jioni, kwa hivyo beba koti. Matatu ikikupigia honi, shuka pembeni. Haki yako utaidai ukiwa mzima.

Yule mama siku hizi hufika kabla yetu.