Mwacheni, Huyo ni Mgonjwa: Mhadhara wa Umma Kuhusu Ulemavu, Matusi na Ujirani Salgaa



Kesi ninayotaka tuiangalie leo ni nadra kufika mahakamani. Huishia kwa mzee wa kijiji, au kwa chifu Jumatatu asubuhi. Chukulia mwanamume aliyekuwa utingo wa lori, sasa anaishi na mkewe katika ploti ya kupanga. Ajali ilimkata mguu na kumuumiza kichwa. Tangu atoke hospitalini, jirani akikawia kwenye mfereji, humtukania mama mbele ya watoto. Jirani ameshtaki. Wazee wanamtazama mshtakiwa na magongo yake, kisha mmoja wao anasema: mwacheni, huyo ni mgonjwa. Kikao kinavunjika. Mfano huu nimeuunda mwenyewe ili usimguse mtu yeyote, lakini naona wengi mnatikisa vichwa.

Uamuzi huo unamdhulumu jirani. Unamdhulumu zaidi huyo mwanamume.

Salgaa ina sababu ya kulijadili jambo hili kuliko miji mingi. Mji huu umelelewa na barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na malori yaendayo Uganda, Rwanda na Kongo hulala hapa. Barabara hiyohiyo imetutoa machozi. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, wakafa watu 36. Magazeti yalihesabu maiti, kisha yakaendelea na habari nyingine. Lakini wapo waliotoka hai katika ajali za barabara hii, wakarudi kwenye vyumba vya mabati na makovu ya moto, viungo vilivyokatwa na majeraha ya kichwa ambayo jirani hawezi kuyaona.

Jeraha hilo lisiloonekana ndilo gumu zaidi. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo hutuzuia kutamka kila linalotujia. Ikiumia, mtu anaweza kuhesabu pesa zake vizuri na kukumbuka namba za simu za jamaa zake wote, ila hasira humtoka kabla hajajua imetoka wapi. Madereva mtanielewa: lori ambalo breki zake zimekataa kwenye mteremko bado lina usukani, na dereva bado anatakiwa kuushika.

Madaktari wamelijua hili kwa muda mrefu. Mwaka wa 1848, katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipenywa na chuma kilichoingia shavuni na kutokea utosini. Alipona, lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu yule mwenye adabu alikuwa amegeuka mtu wa matusi na dharau. Vitabu vingi huishia hapo, na nadhani huko ni kumkosea Gage. Baadaye alikwenda Chile, akafanya kazi kwa miaka kadhaa ya kuendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi. Kazi hiyo ilikuwa na saa zake, njia yake na abiria wa kuheshimiwa. Mtu ambaye hawezi kabisa kujizuia hangeiweza. Waliochunguza maisha yake upya wanaona kwamba utaratibu wa kila siku huenda ulimrudishia sehemu kubwa ya utu aliodhaniwa kuupoteza.

Kwa hiyo wazee wanapaswa kuuliza kwanza: ulemavu huu unahusiana vipi na tendo hili? Kiziwi akipaza sauti hajakosa adabu. Mwenye jeraha la ubongo akifoka, lawama inapungua, na wakati mwingine inaisha kabisa. Lakini mguu uliokatwa hautukani mtu. Maumivu yake na kukosa usingizi vinaweza kumfanya mtu awe mkali, na hilo tulivumilie. Halimpi ruhusa ya kumdhalilisha mama wa chumba cha pili kila jioni.

Sheria nayo haikuufanya ulemavu peke yake kuwa kinga. Kifungu cha 94 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinakataza matusi ya hadharani yanayoweza kuvunja amani. Kifungu cha 12 humwondolea lawama yule ambaye ugonjwa wa akili umemfanya asielewe analotenda, au asijue kwamba halifai. Wachache sana katika ploti zetu wako katika hali hiyo. Na hapa kwetu, ambapo Mkalenjin, Mkikuyu, Mluhya na Mkisii wanachangia mfereji mmoja, tusi linaloanza na maji hufika haraka kwenye kabila. Ghasia za baada ya uchaguzi zilizoikumba Nakuru Januari 2008 zinatosha kutukumbusha linakoweza kuishia.

Sasa upande wa pili, ambao vikao vyetu huuruka. Turudi kwenye ile ploti ya mfano wetu. Pikipiki ya mpangaji imeegeshwa kwenye kipito, na mwenye magongo hawezi kufika chooni bila kukanyaga maji machafu. Watoto wanamwita kiwete, na wazazi wao wanacheka. Amesema kwa upole mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu akafoka, na hapo ndipo tulipoitwa. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Anayefoka kwa sababu haki hiyo imekanyagwa ana malalamiko, na malalamiko hayo yasikilizwe kabla ya sauti yake kuhukumiwa.

Ninachopinga ni ile huruma ya kumtoa katika hesabu ya watu wazima. Ukisema mwacheni, umesema pia kwamba neno lake halina uzito, hata neno lake jema. Kesho akileta shauri kuhusu kodi au maji, nani atamsikiliza?

Chifu, kikao kama hiki kiitwe asubuhi, maana aliyeumia ubongo huchoka na kukasirika upesi jioni. Watu wazungumze mmoja mmoja. Mke asiombe msamaha kwa niaba ya mume; mume auombe mwenyewe, hata kwa maneno matatu. Akihitaji kliniki, familia isaidiwe kumpeleka. Na kabla watu hawajatawanyika, mwenye pikipiki aseme ataiegesha wapi.