Mtoto Akiingia Gredi ya 4



Wengi wetu tuko huku relini, na watoto wako nyumbani Keumbu pamoja na mama zao. Twapeleka pesa, twangoja mtihani wa mwisho. Desturi hiyo ni ya KCPE, nayo KCPE ilikwisha mwaka 2023.

Kwa kanuni, Gredi ya 1 mpaka ya 3 mtoto wa kwetu hufundishwa kwa Ekegusii. Akiingia Gredi ya 4, masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari aanza kunyamaza darasani, na baba husema amekuwa mvivu. Siyo uvivu! Hesabu aijua, swali ndilo halielewi. Basi ukipata likizo, mpe hesabu ile ile kwa Ekegusii. Akiiweza, shida ni lugha. Nenda ukamwambie mwalimu. Kumchapa hakutamwongezea Kiingereza.

Tena kuna mtihani wa Gredi ya 6, yaani KPSEA. Haumzuii mtoto kuingia Gredi ya 7, kwa hiyo wengine wauita mchezo. Lakini alama zake huwekwa, nazo ni asilimia 20 ya hesabu ya Gredi ya 9, wakati wa kupangiwa sekondari ya juu.

Na kazi za Gredi ya 4 na ya 5 walimu huzitia alama hapo hapo shuleni. Mtoto akizuiliwa nyumbani kuchuma majani chai siku hiyo, alama hana. Mwambieni mama watoto jambo hili kabla muhula haujafunguliwa.