Nani Apande Basi? Ziara za Kubadilishana Wanafunzi na Elimu Jumuishi Nassa

Mada hii inahusu ziara za kubadilishana wanafunzi kati ya shule zetu za Nassa na za nchi nyingine kwa lengo la kukuza elimu jumuishi. Hoja yangu ni moja. Ziara hizo zina thamani pale tu mwanafunzi mwenye ulemavu anapokuwa msafiri, si mtu wa kutembelewa na kupigwa picha.

Tatizo letu si uhaba wa maandishi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka uliofuata. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye miaka 7 na kuendelea wana ulemavu, kwa hiyo tunazungumzia watoto wa kila kijiji. Kinachopungua ni mazoea ya kuishi pamoja. Kanda ya Ziwa inalijua hilo kwa uchungu: mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, yaliyoshtua taifa kuanzia miaka ya 2007 na 2008, yalisababisha watoto wengi kupelekwa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga. Ukuta wa vituo hivyo uliwalinda, lakini uliwatenga na wazazi wao, na imani potofu iliyochochea mashambulizi hayo ikabaki nje ya ukuta ikiwa hai. Imani ya aina hiyo hufa pale watoto wanapozoeana tangu darasa la kwanza, kama inavyowezekana Shule ya Msingi Mitindo, Misungwi, ambako wasioona, wenye ualbino na wasio na ulemavu husoma pamoja.

Wapo wanaodhani kwamba kusafiri ni kwenda Ulaya kuchota ujuzi. Mwanza na Würzburg ya Ujerumani zina udugu wa miji tangu 1966, na majirani zetu wa Mwanza wanajua faida ya urafiki wa muda mrefu. Lakini Ujerumani nayo iliridhia Mkataba huohuo mwaka 2009, na hadi miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wenye mahitaji maalumu walikuwa bado katika shule za peke yao. Italia, kwa upande wake, ilichagua kwa sheria ya 1977 kuwaweka watoto hao katika madarasa ya kawaida. Nchi hizo mbili zote zina uwezo, ila ziliamua tofauti. Basi mgeni atakayefika Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, aje kama mwanafunzi mwenzetu. Naye wa Nassa asiende huko kama mwombaji.

Pingamizi kubwa ni gharama: kwa nini tulipe nauli ya ndege wakati vyoo vya shule havipitiki kwa kiti mwendo? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo ndani ya maandalizi yenyewe. Anayemsafirisha mtoto kiziwi lazima atafute mkalimani wa lugha ya alama. Anayemsafirisha asiyeona lazima aandae maandishi ya nukta nundu. Kila mtoto atahitaji cheti cha kuzaliwa ili apate pasipoti. Mambo hayo yote mtoto anayahitaji hata asiposafiri. Wengine wanahofia usalama wake. Hofu hiyo ituongoze kuweka msindikizaji anayemwamini na ridhaa ya mzazi. Isiwe sababu ya kumwacha nyumbani huku wenzake wakienda kuzungumza kwa niaba yake.

Kwa hiyo napendekeza tuanze karibu. Wanafunzi wa Nassa na wa Misungwi watembeleane kwanza, wakae wiki nzima darasani na bwenini, kisha ndipo tufikirie ndege. Kamati za shule zisipitishe ziara yoyote ya ujumuishi ambayo orodha yake haina mwanafunzi mwenye ulemavu, wala isiyoonyesha kitakachobadilika shuleni baada ya wasafiri kurudi. Walimu na wazazi, orodha hiyo huandikwa na sisi. Tuanze kuiandika kwa jina la mtoto ambaye hadi leo tumezoea kumwacha.