Mtoto Hakufanana na Babake: Nani Alaumiwe?



Ndugu zangu vijana, mtoto akizaliwa na rangi isiyokuwa ya babake, maneno mtaani hayaishi. Mama wa watu husemwa mpaka ndoa ikavunjika. Hebu leo tuliangalie jambo hili kwa biolojia, na nitakuwa mfupi inshaallah.

Seli ya mwili kwa kawaida ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi, moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Sasa mwili ukitengeneza mbegu ya mume au yai la mke, seli hugawanyika kwa njia iitwayo mayosisi. Zile 46 huwa 23, ili mbegu na yai zikikutana hesabu itimie tena.

Lakini si kupunguza tu. Kwanza, kromosomu za kila jozi hushikana zikabadilishana vipande. Kwa hivyo kromosomu moja unayompa mwanao yaweza kuwa na sehemu ya babako na sehemu ya mamako. Pili, kila jozi hutengana kivyake, haingoji nyengine. Kwa jozi 23, michanganyiko yapita 8,000,000, na hapo hatujahesabu vile vipande. Mume ana yake, mke ana yake, zidisha mwenyewe! Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hutofautiana.

Tena kuna jeni (si jini, jamani!) zinazojificha. Chukua ualbino. Baba na mama waweza kuwa weusi wote, na kila mmoja amebeba jeni moja ya ualbino asijue. Kila mimba, nafasi ya mtoto kuzaliwa na hali hiyo ni 1 kati ya 4. Wamechangia wawili, mbona alaumiwe mama peke yake?

Na tuliosoma chuoni twaikumbuka hadithi iliyo katika Sahih Bukhari, ya bedui aliyemshuku mkewe kwa kuzaa mtoto mweusi. Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama kati ya ngamia wake wekundu hamna wa kijivu. Akasema wamo. Wametoka wapi? Bedui mwenyewe akajibu kwamba huenda ni asili iliyowavuta. Akaambiwa basi na mwanawe huenda ni vivyo hivyo.

Ndugu zangu, tumefunga matumbo. Na ndimi tuzifunge. Ukiyasikia maneno haya barazani, usicheke ukanyamaza. Waeleze.

Wabillahi tawfiq.