Zaburi ya 105 na Kiongozi Anayekosolewa



Yako mafundisho yanayoenea kwa kasi makanisani mwetu, kwamba anayemkosoa mtumishi wa Mungu anajitafutia laana. Tegemeo lake ni mstari wa 15 wa Zaburi ya 105, unaokataza kuwagusa masihi wa Bwana. Nimeshuhudia ukitumika. Katika mkutano wa usharika mmoja, mama mmoja aliuliza, kwa adabu zote, sadaka za ujenzi zimefikia wapi. Hakupewa hesabu, alisomewa mstari huo. Akaketi, na hakuna aliyethubutu kuuliza tena.

Tuusome basi pamoja na mistari inayoutangulia. Mtunzi anawasimulia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakihamahama kutoka taifa hadi taifa. Wanaoonywa ni wafalme. Amri hiyo ilimkinga mnyonge asiye na nchi dhidi ya mwenye jeshi. Leo inamkinga mwenye kipaza sauti dhidi ya mama aliyetoa sadaka yake. Huko ni kuipindua Zaburi juu chini.

Tena kisa chenyewe kinachokumbukwa kimo katika Mwanzo sura ya 20. Ibrahimu, akiwa Gerari, alisema Sara ni dada yake, na mfalme Abimeleki akamchukua. Mungu akamtokea mfalme ndotoni, akamzuia asimguse mama huyo, na akamtaja Ibrahimu kuwa nabii. Kulipokucha mfalme alifanya nini? Alimwita nabii huyo huyo akamhoji ana kwa ana, kwa nini amewaletea watu wake hatia kubwa namna ile. Ibrahimu hakumtisha kwa laana. Alijieleza (maelezo dhaifu, kwa maoni yangu), kisha akamwombea. Masihi wa Bwana alikosolewa na mfalme wa kigeni, na msimulizi hamlaumu mfalme kwa kuuliza.

Ya Paulo kumkemea Petro hadharani kule Antiokia mnayajua. Ya Sauli nayo niyaguse tu: pangoni En-gedi Daudi alikataa kumdhuru mfalme, lakini alitoka nje akamlalamikia kwa sauti.

Sura ninayoirudia kuliko zote ni 2 Samweli 16. Daudi anamkimbia Absalomu, mwanawe aliyemwasi. Wakifika Bahurimu anatokea Shimei, wa ukoo wa Sauli, anawatupia mawe na mavumbi, anamshtaki mfalme kwa damu ya nyumba ya Sauli. Abishai anaomba ruhusa akamkate kichwa. Daudi anamkataza, kwa kuwa huenda Bwana ndiye aliyemwagiza mtu huyo alaani. Wako wanaolihusisha shitaka hilo na wazao saba wa Sauli waliokabidhiwa Wagibeoni, na hilo lawezekana. Lakini kuhusu Sauli mwenyewe Shimei alikosea: Daudi alimwacha hai mara mbili, na alipokufa akamlilia. Hata hivyo mfalme alikuwa na damu nyingine mikononi, damu ya Uria, aliyeuawa kwa amri yake, ambayo Shimei hakuitaja. Naamini njia nzima Daudi aliisikia hiyo. Ndiyo maana nashikilia kwamba Mkristo asiitupe lawama hata ikiwa ya uongo, kabla hajaipeleka mbele za Mungu na kuuliza ni kosa gani jingine inaloamsha.

Wenzangu hunipinga kwa 1 Wafalme 2. Daudi, akikaribia kufa, anamwagiza Sulemani asimhesabu Shimei kuwa hana hatia, bali azishushe mvi zake kaburini kwa damu, ingawa mwenyewe alimwapia kwamba hatauawa. Pingamizi hili ni zito, na sioni namna ya kulilainisha. Lakini wosia ule ni wa mfalme anayekihofia kiti cha mwanawe. Kule Bahurimu Daudi hakuwa na kiti cha kukilinda, na mimi namfuata Daudi wa Bahurimu.