Anayelinda swichi
Mwaka 1992 na 1993 wenzetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi walilala muda mrefu kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Jambo hilo tunalikumbuka tunapofundisha kazi ya nyaya za umeme. Kabla ya kupanda nguzo, umeme ukatwe, upimwe, nyaya ziunganishwe na ardhi. Mmoja anapanda, mwenzake anabaki chini kulinda swichi isiwashwe. Sisi tunawapanga Mkasai na Mkatanga pamoja. Mwanzoni walikataa, tusifiche. Kijana mmoja alishuka mara tatu kuitazama swichi kwa macho yake. Hatukumkemea, kuhakikisha si kosa. Wiki iliyopita alibaki juu mpaka kazi ikaisha.