MASHARIKI NA MAGHARIBI NI WAPI?

Maneno yaliyosemwa Tukuyu mbele ya wazee na walimu wa Rungwe



Tumetaka kusema leo juu ya maneno mawili ambayo kila mtu ayajua, nayo ni mashariki na magharibi. Huenda mmoja wenu akasema moyoni mwake, "Je, tumetoka Masoko na Lwangwa, tumekanyaga matope njia nzima, ili kuambiwa jua latoka wapi?" Twamwomba avumilie kidogo. Maneno haya ni mepesi kinywani, lakini yakiandikwa katika karatasi ya mpaka huwa mazito, na watu wamegombana kwa ajili yake. Wengine kwa shamba la migomba, na wengine, kama mtakavyosikia, kwa ziwa zima.

Kwanza tutazame asili yake. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu. Mashariki ni mahali pa jua kuchomoza, na magharibi ni mahali pa jua kuzama. Ndiyo yale yale tusemayo macheo na machweo. Magharibi tena ni jina la saa, kwani Mwislamu akikuambia atakuja baada ya magharibi hasemi nchi, asema sala ya jioni. Na Waarabu huiita Moroko kwa neno hilo hilo, Maghrib, kwa kuwa kwao huko ndiko jua lilikozama. Mabaharia wa pwani yetu walikuwa na maneno mengine zaidi: mashariki waliita matlai, na magharibi waliita umande, kwa sababu upepo wa alfajiri wenye ubaridi huvuma kutoka bara kwenda baharini, na bara kwao iko magharibi. Hapa Tukuyu mtu akitafuta magharibi kwa umande atapotea, maana umande wetu hauna upande, hulowesha miguu popote uendapo.

Basi twasema mashariki ni kule jua litokako. Neno hilo ni kweli, lakini halitoshi. Jua hutoka mashariki halisi mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 21 Machi na tarehe 23 Septemba. Baada ya Machi husogea kidogo kidogo upande wa kaskazini, hata mwezi wa Juni latokeza juu ya milima likielekea upande wa Kitulo. Kisha hurudi, likapita mahali pake pa Septemba, na mwezi wa Desemba latokeza mbali kusini, kuelekea upande wa Matema. Kutoka macheo ya Juni hata macheo ya Desemba ni karibu digrii 47, yaani zaidi ya nusu ya pembe mraba. Mzee aliyekaa miaka mingi katika nyumba moja alijua hayo bila kitabu, kwa kuwa aliona mwanga wa asubuhi ukihama ukutani.

Sasa tuseme mzee mmoja agawa shamba kwa wanawe wawili mwezi wa Juni. Asimama penye mti wa mpakani, anyosha mkono kule jua litokako, asema, "Kutoka hapa kwenda mashariki hatua 100, huo ndio mpaka wenu." Wana waitikia, na karani aandika: mpaka ni mti, kisha hatua 100 mashariki. Miaka yapita, mzee afariki, na ugomvi wazuka mwezi wa Desemba. Baraza lakusanyika. Lasimama penye mti ule ule, latazama jua, lahesabu hatua 100 zile zile. Na pale lifikapo ni mbali na mahali pa mzee kwa hatua kama 80. Hakuna mwongo hata mmoja katika shauri hili. Mashahidi wote wawili wasema kweli waliyoiona, na karani aliandika sawasawa neno aliloambiwa, walakini nduguye mtu amekwisha kupoteza migomba yake. Katika nchi kama yetu, ambayo mashamba ni madogo na watu ni wengi, hatua 80 si jambo la kucheka. Tena tangu sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, haki ya mila yaweza kuandikwa katika hati, na neno baya likiingia katika hati ni kazi kubwa kulitoa.

Walimu, dawa yake yaweza kufundishwa katika uwanja wa shule bila gharama. Simikeni kijiti kilichonyoka mahali palipo sawa. Fungeni kamba kwenye shina lake, mchore duara kukizunguka. Asubuhi kivuli cha kijiti ni kirefu, hupita nje ya duara. Kikifupika hata ncha yake ikagusa duara, wekeni alama. Mchana kivuli huwa ndani. Alasiri hurefuka tena, na ncha yake ikigusa duara kwa upande wa pili, wekeni alama nyingine. Mstari uungao alama hizo mbili ndio unaokwenda mashariki na magharibi. Alama ya asubuhi ni ya magharibi, kwa kuwa kivuli huikimbia nuru. Hesabu hii ni ile ile mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba. Kwetu shida si kijiti wala kamba, ni mawingu, maana mvua ya Tukuyu hupita milimita 2000 kwa mwaka. Basi chagueni siku nyeupe za Agosti au Septemba. Dira ya simu ya mkononi nayo yasaidia, illa hupotoshwa na chuma kilicho karibu, nasi tumeona watu wakiishika juu ya bati na kubishana na mlima Rungwe.

Jambo moja zaidi juu ya jua kabla hatujaliacha. Mji wa Dar es Salaam uko mashariki yetu, kwa hiyo huliona jua kabla yetu, kadiri ya dakika 22. Saa za ukutani ni moja kwa nchi nzima, lakini jua halisomi saa. Hivyo mtoto wa Tukuyu aendaye shule saa kumi na mbili na nusu ana haki ya kusema kwamba kwake bado ni giza kuliko kwa mwenzake wa pwani.

Mpaka hapa tumesema juu ya upande, nao waweza kupimwa. Ama nchi zinazoitwa za mashariki au za magharibi ni habari nyingine, kwa sababu jina la nchi hutegemea mahali aliposimama yule aliyelitoa. Sisi wa Rungwe kwa mtu wa Kyela tu watu wa kaskazini. Kwa mtu wa Mbeya tu watu wa kusini. Katika vitabu vya Serikali tu watu wa Nyanda za Juu Kusini. Na mtu wa Lusaka akitutafuta hutazama kaskazini mashariki. Nasi hatukuhama.

Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliiita nchi hii tangu mwaka 1885 Afrika ya Mashariki yao, na jina la Tanganyika lilikuja mwaka 1920 chini ya Waingereza. Neno Afrika ya Mashariki halikufa. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1967, ikavunjika mwaka 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na mwaka 2022 Kongo ikaingia. Kongo ina pwani yake ndogo penye mlango wa mto Kongo, katika bahari ya Atlantiki. Basi mvuvi wa huko huona jua likizama baharini kila jioni, naye kwa mkataba ni mtu wa Afrika Mashariki. Hatusemi hayo kwa kuchekesha. Jina la jumuiya ni jina la mapatano, na mapatano yaweza kufika mbali kuliko dira.

Kadhalika twasikia kila siku habari za Mashariki ya Kati. Jina hilo lilitolewa na watu wa Ulaya na wenzao wa Marekani, waliohesabu masafa kutoka kwao. Chukueni ramani mpime. Makka, kwa mtu asimamaye Tukuyu, iko kaskazini, imeegemea mashariki kidogo. Na Kairo, mji ambao wote huuhesabu katika Mashariki ya Kati, uko karibu digrii 31 za mashariki, hali Tukuyu iko zaidi ya digrii 33 na nusu. Kwa hiyo Kairo iko magharibi yetu! Hata hizo digrii huhesabiwa kutoka Greenwich katika London, kwa sababu wajumbe wa mataifa waliokutana Washington mwaka 1884 walichagua hivyo. Walipaswa kuanza mahali fulani. Nazo "nchi za Magharibi" zisemwazo katika siasa zina Australia ndani yake, ambayo mtu akitoka pwani yetu huiendea kwa kuelekea mashariki. Hapo neno limekwisha kuacha jua kabisa, limekuwa jina la kundi la serikali.

Sasa tuje kwenye ziwa letu. Tarehe 1 Julai 1890, mwaka mmoja kabla ya wamisionari kujenga Rungwe, Waingereza na Wajerumani walitia sahihi Berlin karatasi ya kugawana nchi. Karatasi hiyo yasema kwamba mpaka ukifika ziwa Nyasa utafuata ufuko wa mashariki, na wa kaskazini, na wa magharibi, hata mlango wa mto Songwe. Hawakumwuliza hata mzee mmoja wa ufukoni. Serikali ya Malawi yashika maneno hayo, yasema maji yote mpaka ufuko huo ni yake. Serikali ya Tanzania yasema mpaka wapita katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mataifa, tena karatasi ile ile iliruhusu mistari kurekebishwa kwa kadiri ya mahitaji ya mahali. Shauri lilitokea hadharani mwaka 1967, likalala, likaamka tena mwaka 2012 kwa habari ya kutafuta mafuta chini ya ziwa, likapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Bwana Joaquim Chissano wa Msumbiji. Sisi si waamuzi wa shauri hilo. Twataka tu mtazame neno lenyewe. Ufuko ambao karatasi yauita wa mashariki, kwa watu wa Mbamba Bay ndio mwisho wa nchi yao upande wa magharibi. Na ule iuitao wa kaskazini, kwa watu wa Kyela ndio mwisho wao wa kusini. Walioandika walisimama, kwa mawazo, katikati ya maji, mahali asipokaa mtu.

Ng'ambo ya Mbamba Bay iko bandari ya Nkhata Bay. Mvuvi wa Mbamba Bay hukunja nyavu zake jua likizama ziwani, na mvuvi wa Nkhata Bay husukuma mtumbwi wake jua likichomoza ziwani. Maji ni yale yale, na samaki huvuka.